Biti ya Ndalahwa

Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na asiyeamini aje Butimba nimwonyeshe chumba cha jirani yetu Odoyo. Hakijapata mpangaji mpaka leo. Na yaliyotokea humo hayakutokea usiku wa manane, la hasha. Ni mchana kweupe, watu wanaanika nguo.

Odoyo na mdogo wake Sharon walipanga vyumba viwili kwa Bibi Wilhelmina. Sharon alikuwa na sauti, jamani! Akianza kuimba wimbo wa kwaya uani, hata muuza dagaa anayepita huko barabarani alinyamaza kwanza. Odoyo yeye alikuwa mtengeneza biti, ile midundo ya muziki wanayoimbia vijana. Alikuwa na kompyuta kuukuu na hedifoni moja ya maana, na kuta zake zote alizibandika trei za mayai ili mwangwi usimharibie kazi. Akianza kazi, anasimamisha godoro mlangoni. Ukiingia humo unajisikia kama masikio yamezibwa kwa pamba.

Alikuwa kwenye kundi la WhatsApp la watengeneza biti wenzake wa Mwanza. Mkubwa wa kundi, Chenge, aliweka sheria moja: hutumi biti yako mpaka umesikiliza ya aliyekutangulia, yote, na umempa maoni. Sheria nzuri kabisa. Sasa huyu Odoyo akajifanya mjanja. Aliandika maoni mara moja tu, akayahifadhi, akawa anambandikia kila mtu hayohayo: "Kali sana kaka, ila bado patupu. Weka sauti za watu." Kusikiliza, hasikilizi ng'o. Akishabandika anatuma ya kwake, halafu anakaa kusubiri sifa.

Jumamosi moja, biti iliyomtangulia ilitoka kwa namba isiyo na jina wala picha. Akabandika maoni yake kama kawaida. Jibu likaja papo hapo.

"Asante kaka. Sauti za nani?"

Odoyo alikuwa anakula. Akaandika kwa mkono mmoja, huku anacheka peke yake: "Za yeyote. Hapa kwetu kuna bibi anaita kuku kila asubuhi, na mdogo wangu anaimba kwaya. Chukua tu."

"Sawa."

Kesho yake Bibi Wilhelmina hakuita kuku. Wapangaji walimkuta kakaa barazani, kashika koo, anafungua mdomo na kuufunga kama sato aliyevuliwa. Wakasema ni baridi ya ziwa. Sharon akamchemshia tangawizi, masikini, akamnywesha kwa kijiko huku anamwimbia ili apate faraja.

Simu ya Odoyo ikalia. "Nimerekebisha kaka. Sikiliza."

Hakuifungua. Akabandika: "Kali sana kaka, ila bado patupu. Weka sauti za watu."

Uani, wimbo wa Sharon ukakatika katikati ya neno. Hakukohoa wala hakupaliwa. Odoyo alisikia kijiko kikidondoka, kisha mdogo wake akatokea mlangoni machozi yanamtiririka, mdomo wazi, anajipigapiga kifuani. Hakuna kilichotoka. Hata kilio hakikutoka.

Ndipo Odoyo alipokumbuka. Chukua tu.

Alivaa hedifoni, akaifungua ile biti. Ngoma ilikuwa ya taratibu, na nzuri, nzuri kweli. Juu yake Bibi Wilhelmina alikuwa anaita kuku. Na chini kabisa, kama yuko ndani ya mtungi, Sharon alikuwa anasema jina lake. Odoyo. Odoyo. Kwa mdundo.

"Zitoe hizo sauti, nakuomba!" akaandika.

"Umesikiliza yote?"

Akampigia Chenge, akamtajia ile namba.

"Odoyo, usinitanie," alisema Chenge kwa sauti ya chini. "Hiyo ni namba ya Ndalahwa. Nilimtoa kundini mwenyewe, siku tuliyotoka kumzika kule Magu."

Ndalahwa! Kijana mpole, alikuwa anatuma biti kila wiki. Na kila akipewa maoni aliuliza: kaka, umesikiliza yote? Odoyo kila mara alimjibu: yote, kaka.

Basi akaona hakuna njia nyingine. Alimtoa Sharon nje, akafunga mlango kwa komeo, akasimamisha godoro, akasikiliza. Alisikiliza hadi kuku wakaisha. Hadi jina lake likaisha. Ikabaki ngoma tupu. Halafu mtu akapumua. Halafu godoro likaburutwa.

Akageuka.

Mlango haukuwepo. Godoro halikuwepo. Trei za mayai zilikuwa zimezunguka pande zote. Akapapasa. Trei. Akapapasa tena. Trei. Akavua hedifoni, na muziki haukunyamaza.

"Nimesikiliza yote, Ndalahwa," alinong'ona. "Ni nzuri. Haikuhitaji sauti ya mtu. Nilikudanganya."

"Wewe ndiye uliyesema patupu." Sauti ilitoka ukutani.

"Mrudishie mdogo wangu sauti yake. Na bibi pia." Alikuwa analia. "Weka yangu. Mimi tu."

"Sawa."

Huku nje Sharon, aliyekuwa anapiga mlango bila sauti kumtoka, ghafla alijisikia anapiga yowe. Mtaa mzima tulilisikia, na Bibi Wilhelmina akaitikia kwa sauti yake mwenyewe. Wanaume wakavunja mlango. Komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani, godoro limesimama mahali pake. Odoyo hakuwemo. Chumba hakina dirisha. Na trei zilikuwa zimetokeza kwa ndani, umbo la mikono, kana kwamba mtu alizisukuma kutokea upande wa ukuta.

Jioni hiyo biti iliingia kundini kwa namba ya Odoyo. "Naomba maoni." Watu wakamwandikia kali sana kaka, bila kuifungua, kisha wakatuma za kwao.

Anayeisikiliza ni Sharon peke yake, kila siku, hedifoni masikioni. Kuimba aliacha. Anasema anataka aifikishe mwisho ili kaka yake atoke, ila kila akiukaribia, biti inarefuka. Na hapohapo inaporefukia, humo ndani ya biti anasikika mtu anagonga godoro.