Mbayuwayu wa Madhabahuni

Kila Jumamosi asubuhi Kasuku na bibi yake walifanya usafi kanisani. Bibi alifua na kupiga pasi vitambaa vya madhabahu; Kasuku alifagia na kupanga mabenchi. Jina hilo alibandikwa na watoto wenzake, kwa kuwa aliweza kukariri zaburi nzima kwa pumzi moja, kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Jumamosi moja alijua kwamba kesho yake ni zamu yake ya kusoma mbele ya waumini, na zaburi yake ilikuwa imemkaa kichwani sawasawa.

Asubuhi hiyo walikuta kitambaa cheupe cha madhabahu kimechafuka tena. Juu yake, kwenye boriti, mbayuwayu walikuwa wamejenga kiota cha udongo.

"Hawa ndege wamenichosha," alisema mzee wa kanisa, ambaye kazi yake ilikuwa useremala. "Binti, chukua ufagio mrefu ukiangushe. Nikirudi saa tisa nisikikute."

Bibi alipotoka kwenda kuanika, Kasuku alipanda juu ya benchi, akagonga mara moja. Ukingo wa kiota ukamomonyoka, na papo hapo vikajitokeza vinywa vinne vya manjano, vimeachama. Kasuku akaganda, ufagio ukiwa hewani.

Alishuka akaokota kipande kilichoanguka. Alidhani ni donge la udongo tu. Kumbe vilikuwa vidonge vidogo, kila kimoja kama punje ya harage, vimepangwa safu kwa safu na kushikizwa kwa nyasi. Fundi wake hakuwa na mikono wala mwiko, ila mdomo tu.

Bibi aliporudi, Kasuku alitamani kusema kiota kimeanguka chenyewe. Badala yake akamwonyesha kile kipande.

"Bibi, nimekibomoa. Mna makinda."

Bibi hakufoka. Alikitazama kile kipande, kisha akasema, "Hebu nisomee zaburi yako ya kesho."

Kasuku akaiporomosha.

"Polepole, mjukuu wangu. Masikio yangu yamezeeka, hayawezi mbio."

Akaanza upya, neno kwa neno. Alipofika pale mtunzi anaposema kwamba hata mbayuwayu amepata pa kulelea makinda yake karibu na madhabahu ya Mungu, aliinua macho.

"Bibi, huyu aliyeandika aliwaona."

"Aliwaona, maelfu ya miaka iliyopita. Naye alikuwa na shingo kama wewe, akaikunja akatazama juu."

Mbayuwayu mmoja akaingia dirishani, akauzunguka ukingo uliobomoka, akatoka. Akarudi mdomo mtupu. Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki nyingi, na ardhi ilikuwa kavu kama kigae.

"Hana tope," alisema Kasuku.

Akajaza ndoo bombani, akamwaga maji nyuma ya kanisa na kukoroga udongo kwa kijiti. Wakaketi ngazini, wakangoja. Bibi alikuwa ameshaanza kusinzia ndege alipotua, akachota tope, akaruka. Akarudi tena, na tena. Kasuku alihesabu safari sitini na nne, kisha hesabu ikampotea.

Saa tisa mzee akafika.

"Shikamoo, mzee. Kiota bado kipo. Nilianza kukibomoa, nikashindwa." Akamweleza yote, na ule mstari akamsomea.

Mzee alikuna kidevu. "Nimeisikia zaburi hiyo tangu utotoni," alisema. "Mbayuwayu wenyewe nimewafukuza miaka yote, na sijawahi kuwaza kwamba ni hao hao."

Alikwenda karakanani kwake, akarudi na kibao kipana, akakipigilia chini ya kiota ili uchafu uangukie hapo.

Jumapili Kasuku alisoma bila haraka hata kidogo. Alipofika kwenye mbayuwayu, vichwa vilianza kuinuka, benchi moja baada ya jingine, na watoto wadogo wakanyoosha vidole.

Baada ya ibada Bibi alimshika mkono. "Mjukuu wangu, maneno yale yalikuwa kichwani mwako, na ndege walikuwa juu ya kichwa chako. Ulivipita vyote mbio. Ukitulia mbele ya Maandiko, na ukitulia mbele ya viumbe, utamwona Mungu yuleyule akifanya kazi. Usimpite tena."

"Sitampita, Bibi," alisema Kasuku, na wakatembea kwenda nyumbani mwendo wa Bibi.