Nusu Mzunguko Tu

Baba Pacha alikuwa mwendesha mtambo katika kiwanda cha maziwa. Zamu yake ilianza asubuhi na kuisha saa nane mchana. Akirudi nyumbani huoga, hula, kisha hukaa na pacha wake, wasichana wawili, na madaftari yao. Siku moja alikaa nao akiwa na shati la mikono mirefu, na joto lenyewe usiseme. Mkewe alimtazama mara moja tu, akajua kuna jambo.

"Kunja mikono ya shati," alimwambia.

Alijitia hamnazo. Lakini Mama Pacha si mtu wa kuzungushwa. Aliikunja mwenyewe, akaona malengelenge kuanzia kiwiko hadi karibu na kiganja. Baba Pacha alisema ni maji ya moto tu yamemrukia, yatapona. Mkewe hakubishana. Alichukua simu, akampigia mdogo wake, ambaye ni fundi wa mitambo katika kiwanda cha sabuni.

Fundi alifika na buti zake za kazini miguuni. Alianza kumtania shemeji yake kwamba siku hizi anajipika mwenyewe, lakini alipouona ule mkono utani ulimwisha. Akataka aelezwe yote, mwanzo hadi mwisho.

Mtambo wenyewe ni wa kupasha maziwa joto. Ndani kuna mabamba mengi membamba ya chuma, yamebanwa pamoja kama kurasa za kitabu. Upande mmoja wa bamba hupita maji ya moto, upande wa pili hupita maziwa. Joto huvuka, lakini maji na maziwa hayakutani. Kingoni mwa kila bamba kuna mpira wa kuzibia, ambao mafundi huuita gasketi. Wiki zile mtambo ulikuwa unavuja. Na pale kiwandani, ukivuja kwenye zamu yako, aibu ni yako. Basi Baba Pacha alikuwa akichukua spana na kukaza nati zinazobana mabamba, kimyakimya.

"Ukiwa umeuzima?" Fundi aliuliza.

"Niuzime, maziwa yaharibike? Naukaza ukiwa kazini. Nusu mzunguko tu, shemeji. Matone yanakata."

"Na wenzako wa zamu nyingine wanakaza kiasi gani?"

Baba Pacha hakuwahi kuwauliza. Hakujua.

Fundi alimweleza polepole. Maji yale yana joto kali na presha kubwa. Ukigusa nati wakati presha imo ndani, gasketi inaweza kuchomoka ghafla, na maji yakakupiga. Tena mabamba yana kipimo chake cha kubanwa, kimeandikwa kwenye kibao cha mtambo. Ukikipita, unayapinda mabamba na kuponda gasketi, na kuvuja ndiko kunazidi. Mwisho akampa hatua za kuuzima kwa usalama, moja baada ya nyingine.

"Safari hii umepona, ni mkono," alisema. "Ukiendelea hivi ni macho, shemeji. Hawa wanao watakuwa wanakushika mkono kukuvusha barabara."

Pacha waliinua vichwa kutoka kwenye madaftari. Baba yao alishindwa kuwatazama. Siku hiyo aliapa kwamba hatakaza tena.

Kesho yake aliwahi kazini, akamkuta mwenzake wa zamu ya usiku hajaondoka. Alimuuliza bila kuzunguka. Yule bwana alijikuna kichwa, akakiri kwamba naye hukaza nusu mzunguko. Wakampigia wa zamu ya jioni. Naye hivyo hivyo, na shingoni ana alama ya kuungua ambayo alikuwa amewaambia watu ni pasi. Watu wazima watatu, kila mmoja akimficha mwenzake! Baba Pacha alichukua tepu akapima unene wa mabamba yote yaliyobanwa pamoja. Kibao kilisema mabamba yasibanwe chini ya milimita mia nne na ishirini. Juu alipata mia nne na kumi na mbili, chini mia nne na kumi na tisa.

Walipomweleza msimamizi wao, hakutaka kusikia. Alisema tangi limejaa maziwa, wakaze hadi Ijumaa ndipo waite mafundi. Baba Pacha alikunja shati na kuuonyesha mkono wake.

"Mzee, sikazi. Na simwachi mtu akaze. Nauzima sasa hivi."

Msimamizi aliutazama ule mkono, akaitikia kwa kichwa.

Wakafanya kama Fundi alivyoeleza. Walifunga kwanza mvuke unaopasha maji, taratibu, huku wakipitisha maji baridi hadi mtambo ukapoa. Wakasimamisha pampu, wakafunga vali zote. Baba Pacha alitia kufuli kwenye swichi na lingine kwenye vali ya mvuke, funguo akazitia mfukoni. Wakamwaga maji yaliyobaki, wakangoja geji ya presha isome sifuri. Hapo ndipo nati zikaguswa.

Gasketi moja ilikuwa imepasuka na kutokeza nje, usawa wa uso wa mtu. Msimamizi alijifuta jasho.

Kazi ilichukua siku mbili. Mabamba yaliyopinda yalibadilishwa, mengine yakasafishwa kwa brashi laini, maana ya waya huyakwaruza. Gasketi zote ziliwekwa mpya. Nati zilikazwa kidogo kidogo, za pande zinazotazamana, tepu mkononi, hadi kipimo cha kibao. Mtambo ulijaribiwa kwanza kwa maji baridi, watu wakiwa mbali, ndipo ukapashwa joto polepole. Haukuvuja hata tone. Tangu hapo kila zamu huandika kwenye daftari ilichokiona, hata unyevu tu, na hakuna anayechekwa.

Miezi mitatu baadaye mtambo ulianza kutoa matone tena, tangi likiwa limejaa kama siku ile. Baba Pacha aliuzima bila kuomba ruhusa, akaanza kungoja upoe. Msimamizi alikuja mbio. Baba Pacha alijiandaa kwa maneno makali.

"Kufuli umetia?" msimamizi aliuliza.

"Nimetia, mzee."

"Basi vuta kiti ukae. Tutangoja."