Maji Yasiyotoka Baharini

Fundi wa miwani alikuwa ameinama kwenye mfereji wa nje, ndoo mkononi, jua limezama nusu, aliposikia sauti nyuma yake.

“Usimwage, kaka.”

Aligeuka. Alikuwa yule mama wa geti la buluu, nyumba ya tatu kutoka kwake, aliyehamia wakati wa mvua. Mwanamke mrefu, wa miaka hamsini hivi, mikono imepauka na kupasuka kama ya mtu anayefua mchana kutwa. Hakuwa na mazoea na mtu. Ilikuwa mara ya kwanza Fundi kusikia sauti yake.

“Ni maji machafu haya, dada. Ya tangi la samaki.”

“Najua. Nimesikia harufu yake ya chumvi.” Akasogea hatua moja. “Yametoka baharini?”

Fundi akacheka. “Bahari gani? Kutoka hapa ni siku mbili kwa basi. Nayachanganya mwenyewe, jikoni kwangu.”

“Mwenyewe?”

“Kwa mkono wangu.”

Yule mama alifumba macho, akashusha pumzi ndefu.

“Basi nigawie.”

Fundi hakuuliza ya nini. Ukweli ni kwamba alikuwa hajaongea na mtu tangu asubuhi, na huyo wa asubuhi alikuja kubadilisha skrubu ya miwani tu. Mkewe alikwenda nchi ya mbali, kwa binti yao, kumsaidia kulea mjukuu. Miezi mitatu tu, alisema. Sasa ilikuwa miaka mitatu. Mwanzoni waliongea kwa simu kila siku. Baadaye kila Jumapili. Siku hizi ni Jumapili ile ambayo mtoto hajashikwa na mafua.

Ndipo Fundi akajinunulia lile tangi la kioo, ukubwa wa sanduku la nguo, akaliweka sebuleni palipokuwa na runinga. Ndani alikuwa na matumbawe madogo, samaki wawili wa rangi ya chungwa, na kamba mmoja mwenye haya. Viumbe wale wangekufa kwenye maji ya bombani. Kwa hiyo kila Jumatano alijaza maji yaliyochujwa kwenye ndoo nyeupe, akatumbukiza pampu ya kuyazungusha na hita ya kuyapa joto, kisha akatia chumvi maalumu ya matangi ya samaki, kikombe kwa kikombe, akikoroga kwa mwiko mrefu. Maji yalichafuka yakawa meupe kama tui. Baadaye yalitulia, yakang'aa. Alipima mpaka kipimo cha chumvi kisome thelathini na tano. Alhamisi jioni, alitoa ndoo ya maji ya zamani na kutia ndoo ya mapya. Hiyo ndiyo ilikuwa shughuli yake kubwa ya wiki.

Baada ya jioni ile, ikawa shughuli ya watu wawili.

Alhamisi iliyofuata yule mama alirudi. Safari hii aliomba maji mapya, yale safi. “Nina mgonjwa,” alisema. “Ngozi yake haistahimili maji mengine.” Fundi akaanza kuchanganya ndoo mbili. Kisha tatu. Mama alikaa kwenye kiti cha jikoni, akanywa chai, akamwangalia samaki mmoja anavyomfukuza mwenzake.

“Huyu mkali kama mama mkwe,” alisema siku moja, na Fundi alicheka hadi akapaliwa. Alinunua kikombe cha pili. Akaanza kunyoa ndevu Alhamisi asubuhi, jambo ambalo hata wateja walilitambua, wakamtania. Aliwaambia wajali macho yao.

Kila mara, kabla hajainua ndoo, mama aliuliza swali lile lile.

“Umechanganya mwenyewe?”

“Kwa mkono wangu, dada.”

Mama hakumruhusu avuke geti lake. Lakini wiki moja Fundi alimbebea ndoo hadi pale, na wakati mama akihangaika na komeo, alisikia kitu kutoka ndani ya nyumba.

Chubwi...

Mwili mzito, ukijigeuza majini.

Na harufu. Tope la ufukweni, maji yakiwa yamekupwa. Hatua tatu kutoka kwenye lami kavu, katikati ya mji ambao haujawahi kuona wimbi.

“Mgonjwa wangu ameamka,” mama alinong'ona, akafunga geti.

Fundi alirudi nyumbani taratibu. Aliogopa, ndiyo. Lakini Alhamisi ilipofika, alinyoa ndevu.

Kisha chumvi ikaisha.

Muuza samaki wa mapambo, ambaye mji mzima ulimwita Kasa kwa sababu ya shingo yake, alikung'uta pakiti tupu mbele yake. “Mzigo umekwama, mzee wangu. Wiki tatu, labda mwezi. Lakini usihofu.” Alivuta dumu kutoka chini ya meza. “Hii ndiyo yenyewe. Lori limeleta jana kutoka pwani. Maji ya bahari ya kweli, siyo ya kukoroga.”

Fundi alilitazama lile dumu. Wiki tatu, labda mwezi. Alhamisi tatu au nne za kunywa chai peke yake. Na mama yule, akikosa maji hapa, si atatafuta kwingine? Akishatafuta kwingine, atarudi kufanya nini?

Maji ni maji, alijiambia. Tena haya ni bora zaidi.

Jumatano alimimina dumu lile kwenye ndoo nyeupe. Akatumbukiza pampu na hita, kila kitu kama kawaida. Akachovya mkono kuona kama yamepata joto. Dumu tupu akalificha nyuma ya kabati, na kitendo hicho cha kulificha kilimfanya asijipende usiku kucha.

Alhamisi mama alikuja amechoka, mgongo umempinda.

“Umechanganya mwenyewe?”

Pampu ilikuwa ikivuma. Samaki walikuwa wakicheza. Fundi alimtazama machoni.

“Kwa mkono wangu.”

“Mungu akulipe, kaka. Leo nibebee mpaka ndani. Mgongo umenikatalia.”

Mpaka ndani! Fundi aliinua ndoo kama kijana.

Nyumba ile haikuwa na viti wala meza. Chumba kimoja, balbu moja, na katikati tangi la plastiki, yale ya kuhifadhia maji, limekatwa sehemu ya juu. Ndani yake alikaa mwanamume, maji yamemfika shingoni. Macho ameyafumba. Ngozi yake ilikuwa na rangi ya mshumaa. Nywele zake zilitikisika polepole kwenye maji yaliyotulia tuli.

Zilitikisika zenyewe.

“Mume wangu,” mama alisema kwa sauti ya chini. “Alizama miaka sita iliyopita. Walionichukulia wapo, hukohuko chini. Nilikwenda kwa mganga, nikamwambia namtaka mtu wangu. Akamwiba kwao, akanirudishia.”

“Nilionywa mambo mawili. Asikauke. Na asiguswe na maji ya bahari yenyewe, hata tone. Maji yale yanaongea, kaka. Tone moja tu, wenyewe watajua alipo. Ndiyo maana nikahamia mbali hivi. Nilikuwa natumia chumvi ya jikoni, ikamchubua. Tangu nipate maji yako amepona. Juzi...” Alitabasamu, kwa mara ya kwanza Fundi akaona meno yake. “Juzi ameniita jina langu.”

Akainama, akaishika ndoo.

Sema, Fundi alijiambia. Sema sasa.

Angeanzaje? Ningekuambia, ila niliogopa hutakuja tena? Mtu mzima, mvi kichwani, aseme hivyo? Tena labda ni maneno tu ya mwanamke aliyechanganyikiwa, na huyu ni mgonjwa kama wagonjwa wengine. Labda...

Ndoo ilikuwa imeshainama.

“Subiri!”

Maji yalimwagika.

Mama alisimama na ndoo tupu. Alimtazama Fundi tu.

“Umeyatoa wapi?”

Fundi alirudi nyuma hatua moja.

Balbu ikafifia. Maji ndani ya tangi yalipanda... yakashuka. Yakapanda... yakashuka. Kama kifua cha mtu aliyelala. Kutoka kwenye bomba la jikoni, kutoka chini ya sakafu, kutoka mferejini nje, ulisikika mvumo mmoja mzito, wa mbali, unaosogea.

Mwanamume alifumbua macho.

“Naam,” alisema.

Hakuna aliyekuwa amemwita.

“Naam. Nakuja.”

Alisimama. Hakuna tone lililomdondoka. Alivuka ukingo wa tangi, akapita katikati yao, na Fundi alihisi baridi ikimpita mfupani. Mama alimdaka mkono, ukamponyoka. Akamdaka tena.

“Basi twende wote,” alisema. Sasa alikuwa akilia. “Siwezi kukuiba mara mbili. Twende wote.”

Walitoka hivyo, wameshikana, wakashika barabara inayoelekea mashariki. Taa za mtaani zilizimika moja moja walipopita chini yake. Hakuna mlango uliofunguliwa. Fundi aliwafuata akijikwaa, akisema nisamehe, nisamehe dada, mpaka kwenye kona. Pale mama aligeuka.

“Umechovya mkono kwenye maji yale?”

“Ndiyo.”

“Basi wameuonja.” Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayemwambia mtu mvua inakuja. “Wakikuita, usiitike. Hata ukisikia sauti unayoijua.”

Kona ikawameza.

Siku tatu baadaye mwenye nyumba alikuta geti la buluu liko wazi, tangi limekauka, na ukutani mstari mweupe wa chumvi, usawa wa dirisha, umezunguka chumba chote. Aliuliza majirani. Fundi alisema labda wamehama. Wiki nzima mtaa ulilalamika kwamba maji ya bomba yana ladha ya chumvi. Walikuja watu na masululu, wakafukua bomba, wakaliona zima, wakalifukia.

Fundi aliwarudisha samaki kwa Kasa, pamoja na tangi lao. Alisema macho yamechoka.

Kisha ikaanza sauti.

Huja jioni, taa zikiwashwa, kutoka mferejini. Ni sauti ya mama yule. Wala haitishi. Ni kama amesimama nje na ndoo yake.

“Kaka Fundi... kaka Fundi, upo?”

Mara ya kwanza alijifungia chumbani. Mara ya pili alijaza pamba masikioni. Hakuitika.

Lakini kwenye kona alikaa mshona viatu, mcheshi, mpenda watu, na yeye pia mtaa mzima ulimwita Fundi. Jioni moja Fundi wa miwani alikuwa akifunga kibanda chake alipoisikia sauti, na akamwona mwenzake pale kona akiinua kichwa kutoka kwenye kiatu.

“Naam! Nipo, karibu!”

Fundi wa miwani alitaka kupiga kelele. Akachelewa, kama siku ile. Mshona viatu aliinuka, kiatu bado mkononi, akaenda mferejini akitabasamu, akainama kuangalia ni nani anayemwita.

Chubwi...

Mfereji ule una kina cha kiganja.

Watu wanasema ametoroka na mwanamke. Wanacheka, wanasema alikuwa na maneno matamu mno. Benchi lake bado lipo. Fundi wa miwani hupita upande wa pili wa barabara, na hajamwambia mtu lolote, kwa sababu angeanza wapi?

Jumapili iliyopita mkewe alipiga simu. Binti yao ana mimba nyingine, kwa hiyo, alisema, atakaa huko kidogo zaidi. Nyuma yake mtoto alikuwa akilia.

“Lakini wewe uko sawa?” mkewe aliuliza.

“Niko sawa.”

“Haya, nitakupigia.”

Simu ikakatika. Nje giza lilikuwa likiingia. Fundi alikaa sebuleni, akiangalia alama ya mraba iliyobaki pale tangi lilipokuwa.

“Kaka Fundi,” sauti iliita, taratibu, ya mtu mwenye muda. “Umeshindaje leo? Umekula?”

Miaka mitatu sasa, hakuna aliyewahi kumuuliza hilo.

Fundi aliziba mdomo wake kwa kiganja. Baada ya kitambo, akaongeza na cha pili.