Makopo Yote, Si ya Jumanne Tu

"Usikiguse kibuyu cha mama yangu!" Eliécer alifoka. "Miaka arobaini watu wanakula suero ya kibuyu hiki. Nani amekufa?"

"Mtoto wa Marelvis amekufa," mkewe Nereida alimjibu. "Tumemzika jana. Umeshasahau?"

Eliécer akatazama pembeni. Marelvis ni binti wa kaka yake. Alikuwa na mimba ya miezi sita. Alipata homa, akadhani ni mafua. Siku ya nne mtoto akazaliwa mfu.

Hospitali ilimpima damu. Ofisi ya afya nayo ikapima kopo la suero, yale maziwa yao ya mgando, lililokutwa kwenye friji yake. Kijidudu kilikuwa kilekile kotekote. Kinaitwa listeria. Kifuniko cha kopo kilikuwa na jina la Nereida, na barua ya ofisi ya afya ilikuwa mezani.

"Barua inasema kopo moja," Eliécer alisema. "Kopo moja tu, tena la Jumanne. Basi tuondoe ya Jumanne. Ukiondoa yote, mke wangu, biashara imekufa. Nani atatuamini tena?"

Nereida alichukua kopo kwenye rafu, akampa.

"Hili ni la siku gani?"

Eliécer aliligeuza huku na huku. Lilikuwa na picha ya ng'ombe na jina. Namba hakuna. Tarehe hakuna.

"Hodi!" Jirani yao Yadith aliingia bila kusubiri jibu. Alikuwa bado na sare ya kazini. Anafanya kazi kiwanda cha maziwa mjini, kitengo cha ubora. "Kelele zenu zinafika barabarani. Hata kuku wameshajua mnagombania nini."

Aliisoma barua, akaketi.

"Poleni. Sasa nijibuni. Suero yenu iko maduka gani?"

"Kumi na mawili," alisema Eliécer, ambaye husambaza kwa pikipiki. "Au kumi na manne. Yote yako kichwani."

"Na kichwa kikianguka pamoja na pikipiki?"

Eliécer aliweka kopo mezani.

"Shoga, niambie mnavyogandisha," Yadith alimgeukia Nereida.

"Kama mama mkwe alivyonifundisha. Nabakiza suero ya jana ndani ya kibuyu, namimina maziwa mabichi ya leo juu yake. Kibuyu hakioshwi kwa sabuni. Sabuni inaua uchachu."

Yadith alishusha pumzi.

"Kwa hiyo suero ya Jumatatu imo ndani ya ile ya Jumanne. Ya Jumanne imo ndani ya hii ya leo. Huwezi kuondoa siku moja, maana hamna siku moja. Ziko zote pamoja."

Nereida alikaa chini, kwenye sakafu. Mapipa ya maziwa ya asubuhi yalikuwa mlangoni, yamejaa. Akayaona kama mapipa ya sumu.

"Ninyi kiwandani mnafanyaje?" aliuliza.

"Kila tunachopika kwa mara moja tunakiita toleo. Chungu kinaoshwa, ndipo toleo jipya linaanza. Kila toleo lina namba yake, na namba iko kwenye kila kopo. Daftari linasema maziwa yalitoka kwa nani na makopo yalikwenda duka gani. Mara mbili kwa mwaka bosi ananunua kopo moja dukani, analiweka mezani. Anatupa muda wa saa mbili tumwambie makopo mengine yote ya toleo hilo yako wapi."

"Hata kama hakuna mgonjwa?"

"Hapo ndipo tunapojifunza. Siku ya mgonjwa si siku ya kutafuta kalamu."

"Sisi siku hiyo imeshatupita," alisema Nereida.

"Imewapita, ndiyo. Sitakudanganya. Lakini yaliyobaki yafanyeni leo. Acheni kuuza sasa hivi. Pigeni simu ofisi ya afya, mseme ukweli wote, na kibuyu mkitaje. Andikeni maduka yote. Halafu mtu mmoja ndiye azungumze, redioni na madukani, maneno yaleyale. Asiseme 'labda'. Aseme: usile, hata kama inanukia vizuri; rudisha. Uliyekwisha kula, na hasa mjamzito, ukiumwa nenda hospitali haraka. Dawa ipo ukiwahi. Makopo yakirudi yahesabiwe, yatengwe, yaharibiwe mbele ya afisa. Wala msiwape nguruwe."

"Tukiyaacha kwenye friji za maduka mpaka ofisi ije?" Eliécer aliuliza. "Barua inasema watakuja wiki ijayo."

"Mdudu huyu anakua hata ndani ya friji, kaka. Na mpaka wiki ijayo wanawake wangapi watakuwa wameshaila?"

Eliécer alifunika uso kwa mikono yake.

"Marelvis hakununua," alisema. "Nilimpelekea mimi. Nilimwambia, kula na mihogo, mtoto apate nguvu. Alisema hana hamu. Nikamlazimisha."

Nereida alisogea, akamshika bega. Kisha akavuta daftari la shule la mtoto wao.

"Taja maduka. Anza na la karibu."

Alitaja moja moja, huku akilia. Yalifika kumi na sita. Nereida alipiga simu ofisi ya afya, kisha redio. Alisema jina lake na maneno yale ya Yadith. Kibuyu akakitia kwenye gunia, akakiacha nyumbani kimsubiri afisa. Eliécer hakumzuia.

Walipanda pikipiki hadi duka la kwanza, la mzee Aníbal.

"Karibu! Umeniletea mzigo?" mzee aliuliza.

"Nimekuja kuuchukua," Nereida alijibu. "Wote."

Kwenye kaunta kulikuwa na mwanamke mjamzito, tumbo kubwa. Mkononi alishika kopo lenye picha ya ng'ombe. Nereida alilichukua polepole.

"Usile hii, dada. Ni yangu, mimi ndiye niliyeitengeneza, na ina ugonjwa."

Mwanamke alicheka. "Leo nimeona! Muuzaji anaponda mali yake?"

"Imemuua mtoto tumboni. Sitaki afe wa pili."

Kicheko kilikatika. "Lakini juzi nilikula. Kopo zima."

"Unajisikiaje?"

"Tangu jana mwili unauma. Nikasema ni uchovu."

Nje, Eliécer alikuwa ameshageuza pikipiki na kuiwasha.

"Panda, binti," alisema. "Nitaendesha taratibu. Twende hospitali, na barua hii tuwaonyeshe."

Wakaondoka. Nereida alifungua friji ya mzee Aníbal, akatoa makopo, akayatia kwenye gunia jingine mpaka rafu ikabaki tupu. Akaandika kwenye daftari: duka la kwanza, makopo tisa. Akafunga gunia, akalibeba kichwani, akaenda kwa miguu duka la pili.