Maksi za Amongin

Siku ya soko Busia mtu husukumwa hata akiwa amesimama, lakini msichana mmoja alikuwa ameketi kwenye kibanda cha Wabwire cha viatu vya mitumba, mguu mmoja ndani ya kiatu chekundu, mwingine peku, macho yamezama kitabuni. Gauni lake la kitenge lilikuwa la manjano, na Wabwire, ambaye kwa kawaida hakumpa mteja nafasi ya kupumua, akajikuta amenyamaza.

"Dada," alisema mwishowe, "unanunua kiatu ama umekuja maktaba?"

"Ngoja kidogo, boss. Imebaki ukurasa mmoja."

Alipomaliza alitoa daftari mkobani akaandika. Wabwire alichungulia bila haya: jina la hadithi, tisa kwa kumi, nimeisomea sokoni nikiwa na kiatu ambacho si changu.

"Kila hadithi fupi unaandika hivyo?"

"Kila moja. Nisipoandika, naona kama sijaisoma."

Aliitwa Amongin, fundi cherehani wa Malaba. Kiatu alikinunua, namba ya simu akaiacha. Walipokutana tena alimwazima kitabu pamoja na daftari.

"Chagua zenye unataka, halafu uniambie. Kwetu sina mtu wa kuongea naye hizi vitu."

Hapo Wabwire akajitia ujanja. Kitabu kilikuwa kinene, daftari jembamba. Alisoma daftari tu, na kila jioni akampigia Amongin simu kumrudishia maoni yake mwenyewe yakiwa yamepigwa pasi. Miezi ikapita hivyo, mapenzi yakinoga.

"Na ile ya kijana aliyetoroka nyumbani, uliionaje?" Amongin aliuliza siku moja.

"Mpenzi, hapo mwisho mama akimsamehe? Karibu nilie."

Amongin akasimamisha cherehani yake.

"Wabwire, kitabu changu hakina huo mwisho. Ukurasa ulichanika. Nilijitungia nikaandika kwa daftari."

"Aki Amongin, sikia..."

"Nilidhani nimepata mtu wa kusoma na mimi. Kumbe nilikuwa naongea peke yangu."

Akakata, na hakupokea tena. Wabwire aliumia kuliko alivyotarajia. Hata kunadi viatu kulimshinda. Basi akafungua kitabu. Mwanzoni alisoma kwa majuto, kisha kwa hasira, maana hadithi nyingine zilimkera, na mwishowe akawa anacheka kibandani huku wateja wakimngoja yeye.

Jumapili baada ya ibada alitokea Malaba, shati jeupe limenyooka, kitabu na daftari mkononi. Amongin alivipokea bila kumkaribisha. Akafungua daftari. Chini ya maksi zake zote kulikuwa na maksi nyingine, kwa mwandiko wa Wabwire.

"Hii ya daktari umeipa nne?"

"Na hiyo ni huruma. Jamaa hajawahi kumsikiliza huyo mwanamke hata siku moja, halafu anamuoa, na wewe unampa tisa."

"Wewe huna moyo."

"Ninao. Si ndio huu nimeuleta Malaba?"

Amongin alitaka kubaki na hasira yake, ikamponyoka.

"Nilikudanganya, na naomba unisamehe," Wabwire alisema. "Sasa nimesoma zote, na karibu kila mahali sikubaliani na wewe. Nataka nikuoe tubishane mpaka tuzeeke."

Amongin alicheka hadi akashika mlango.

"Kuolewa nimekubali," alisema akifuta machozi. "Hiyo nne ndio sijakubali. Keti."