Msumari wa Mlangoni

Kila likizo, kazi ya Nekesa ilikuwa kupanga funguo. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na baba yake, fundi Wandera, alitengeneza pikipiki katika gereji ya mabati huko Kariobangi. Ukutani palikuwa na ubao wenye misumari sita. Asubuhi Wandera alikagua kila pikipiki na kutaja ugonjwa wake, naye Nekesa akatundika ufunguo: wa pikipiki yenye breki mbovu juu kabisa, wa isiyowaka ufuate, wa taa na honi ungoje chini. Fundi hakuuliza tena. Aliushika ufunguo wa juu akaanza kazi. Pikipiki ikipona, ufunguo wake ulihamia kwenye msumari wa peke yake, mlangoni. Mwenyewe akija aliutwaa, akaenda zake.

Siku moja ya Agosti, mwaka wa 1994, ufunguo wa juu ulikuwa wa Burale, msambazaji wa mikate. Waya wa breki yake ya nyuma ulikuwa umebaki nyuzi mbili. Breki ya mbele ilishika ikipenda.

Mara akaingia Gitonga, tarishi wa ofisi moja mjini, viatu viking'aa.

"Niaje, meneja! Honi yangu imekuwa bubu. Nitundike juu, nina haraka."

"Baba amesema breki kwanza."

"Kumbe si meneja, ni karani tu!" Gitonga akacheka. "Nami nilidhani una usemi hapa."

Maneno hayo yalimchoma. Baba alikuwa ameinama nyuma, akisugua plagi. Nekesa akautoa ufunguo wa Burale, akatundika wa Gitonga. Ubao ulikuwa umejaa, basi wa Burale akauweka mlangoni. Kwa muda tu, alijiambia. Kisha akatumwa dukani kununua sabuni, akakuta foleni ndefu.

Aliporudi, Gitonga alikuwa akiijaribu honi yake, pii-pii, akijichekea. Msumari wa mlangoni ulikuwa mtupu. Mahali pa pikipiki ya Burale palibaki matone ya oili.

Burale angepakia mikate karibu na soko, kisha ateremke hadi darajani, pale watoto walipokuwa wakichezea barabarani. Mwaka huo hakuna mtu wa Kariobangi aliyetembea na simu mfukoni. Baba hakumwona akihamisha ufunguo, na Gitonga hakujua ulikuwa wa nani. Angeweza kunyamaza! Lakini machoni pake aliona kreti zimepasuka, mikate mtaroni, na kiatu kimoja kidogo katikati ya lami.

"Baba!" Nekesa alimkimbilia. "Burale ameondoka na breki mbovu. Mimi ndiye niliyeutundika ufunguo wake mlangoni."

Spana ilianguka. "Anapakia wapi?"

"Kwa mwokaji mikate, karibu na soko."

"Gitonga, nipe pikipiki yako!"

"Lakini fundi, ofisini wana—"

"Shuka!"

Wandera akatoweka kwa vumbi. Nekesa alibaki ameushika mlango. Kila kelele iliyotoka barabarani ilimkata maini. Gitonga aliketi juu ya pipa, mzaha wote umemwisha. Dakika zilijikokota kama kobe mgonjwa.

Hatimaye wakatokea. Burale alikuwa akiisukuma pikipiki yake, kreti zimefungwa nyuma, jasho likimtiririka. Wandera alimfuata polepole.

"Nilikuwa nafunga kreti ya mwisho," Burale alisema akihema. "Saa hizi ningekuwa mteremkoni. Leo mikate yangu ingeliwa na bata wa mtoni, nami nikiwa kitoweo."

Hakuna aliyecheka. Nekesa alilia, kisha akaupokea ufunguo na kuutundika juu kabisa.

"Fundi, mimi ndiye niliyemchokoza," Gitonga akasema.

"Ulimchokoza, ndiyo. Ila mkono uliotundika ni wake." Wandera akachutama mbele ya bintiye. "Mwanangu, hapa hatumtangulizi anayepiga kelele. Tunatanguliza kinachoweza kuua. Leo uliliacha hilo kwa sababu ya kuitwa karani. Lakini ulisema kosa lako lingali bichi, ndiyo maana Burale amesimama hapa akitutania. Ungelificha hata kwa robo saa, tungekuwa tunamtafuta mtoni."