Hodi ya Saa Kumi

Katika miaka yake ishirini ya kuishi Johannesburg, Kudra hakuwahi kupigiwa hodi hata siku moja. Mji ule hauna hodi. Watu hubonyeza kengele, hupiga honi, hupiga simu, au hupayuka getini kama wanaofukuza mbwa. Ndiyo maana Jumanne ile ya Julai 2012, saa kumi alasiri, alipokuwa ameinamia vijiko vya fedha katika chumba cha chai na kusikia mtu akisema "Hodi," moyo wake ulifurahi kabla akili haijauliza swali.

"Hodi hapa," sauti ikarudia. Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya taratibu, yenye lafudhi ya Pangani alikozaliwa Kudra.

"Karibu! Karibu ndani, pita!" akaitikia, mikono imejaa dawa ya kung'arishia.

Kisha akainua kichwa. Mbele yake palikuwa na ukuta wa vioo, nyuma ya vioo bustani, na katika bustani hapakuwa na mtu.

Nyumba yenyewe, tuseme kweli, ilikuwa na kiburi. Mzungu mmoja aliyetajirikia dhahabu aliijenga juu ya kilima cha Parktown miaka mia na zaidi iliyopita, akaifananisha na nyumba ya baba yake huko mashambani Uingereza: mawe ya kijivu, mabomba ya moshi kumi na mawili, madirisha yanayokutazama kutoka juu. Bustani ilipangwa kwa rula. Vichaka vilikatwa vikawa na pembe nne, mawaridi yalipandwa kwa mistari, kila shina na kibao cha jina lake, na katikati ilisimama saa ya jua ya jiwe, utadhani hata jua la Afrika lilitakiwa lipite pale kwa ruhusa. Siku hizi nyumba ilikuwa mali ya chama cha kuhifadhi majengo ya kale, na Jumamosi wageni waliletwa kuishangaa. Siku nyingine zote ilibaki na Kudra, msimamizi wa usafi, aliyelala vyumba vya watumishi nyuma ya jiko pamoja na binti yake wa miaka minane, Nobantu.

Mwisho wa bustani, kwenye ukuta wa matofali, yule mzungu alikuwa amepachika mlango wa nakshi alioung'oa pwani ya Waswahili, kama mtu anavyotundika pembe za swala sebuleni. Ulikuwa pambo tu. Nyuma yake hapakuwa na chumba wala njia. Palikuwa na matofali. Kudra aliujua vizuri kwa sababu kila mwezi aliupaka mafuta. Na ile hodi ilikuwa imetokea huko.

Alisimama akafuta mikono. Chumba kilikuwa kimejaa harufu ambayo hakuinusa tangu usichana wake, harufu ya tope la mikoko maji yakiwa yametoka. Bahari iko mbali sana na Johannesburg. Alipotazama chini, aliona nyayo za maji kwenye mbao za sakafu, nyayo za mtu mzima asiye na viatu, zikitoka upande wa bustani na kuishia kwenye kiti kikubwa cha mwenye nyumba. Za kurudi hazikuwapo.

"Bomba limepasuka," akajiambia kwa sauti, akaleta tambara.

Asubuhi yake Damien, mtunza bustani, alimwita kwa mkono. Damien alikuwa Mrundi wa makamo, mlokole, mtu wa maneno machache. Julai ndio mwezi wa kupogoa mawaridi, na mashina yote yalisimama makavu kama fimbo, isipokuwa moja lililokuwa chini ya dirisha la chumba cha chai. Lile lilikuwa limechanua maua yaliyokaribia kuwa meusi, mazito, yaliyoinamia kioo.

"Mama Nobantu, hii nimekata mara tatu," alinong'ona. "Jana jioni nilikata. Asubuhi maua. Nikakata tena, nikaenda kunywa chai, narudi, maua. Angalia." Akakata tawi, na pale lilipokatwa pakachuruzika maji. Akachovya kidole, akamnyooshea. "Onja. Ni chumvi."

"Acha mchezo wako, Damien."

"Eish, mama. Mimi nilikimbia vita Burundi. Sikukimbilia hii."

Aliuchomeka mkasi ardhini, akavaa koti, akaenda zake kwake, mtaa wa La Rochelle, na hakurudi tena. Kudra alimtukana moyoni kwa woga wake, lakini siku nzima hakupita karibu na dirisha lile.

Sasa, Kudra alikuwa na donda lake, nalo lilikuwa ulimi wa mwanawe. Mumewe, Mwafrika Kusini aliyekutana naye katika kambi ya wapigania uhuru kule Morogoro, alimleta mji huu, akafa, akamwachia mtoto anayeelewa Kiswahili chote lakini anajibu kwa Kizulu. Jumapili iliyopita tu, Angélique, mke wa Damien, aliwatembelea, na alipoaga, Nobantu aliganda mbele ya televisheni. Mgeni alipotoka getini Kudra alimzaba mtoto makofi mawili. "Mgeni akiaga unasimama, unamwambia karibu tena! Nimezaa jiwe mimi?" Mtoto hakulia. Alimtazama mama yake tu, macho makavu, akarudi kukaa.

Kwa hiyo Alhamisi saa kumi, Kudra alipopita ukumbini na kusikia Kiswahili kikitoka chumba cha chai kwa sauti ya Nobantu, jambo la kwanza alilolihisi lilikuwa furaha, na hilo ndilo lililomuumiza baadaye kuliko yote.

"Sema, starehe," sauti ya mwanamume ilifundisha, kwa upole.

"Starehe."

"Hapana haraka, mwanangu. Sema, ahsante."

"Ahsante."

Kudra akausukuma mlango. Nobantu alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya kiti kikubwa, na kitini hapakuwa na mtu, ila mto wake ulikuwa umebonyea kama umekaliwa. Juu ya meza palikuwa na kikombe cha kabatini, kile cha ua la buluu ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa, kikitoa mvuke. Miguu ya mtoto ilikuwa imelowa hadi magotini.

"Ma, ni mgeni wako," Nobantu alisema kwa Kizulu. "Anasema ulimkaribisha. Anasema amekaa miaka mingi akipiga hodi na hakuna aliyemjibu. Karibu anarudi kwao, na mimi nitamsindikiza."

"Toka!" Kudra alipiga yowe, akamvuta mtoto kwa mkono hata kiungo kikalia. "Toka nyumbani kwangu, mshenzi wewe!"

Kikombe kikaenda juu taratibu, kikainama, kikarudi kwenye kisahani. "Nyumba si yako, mwenyeji," sauti ikajibu, na upole wote ulikuwa umekwisha. "Lakini lile neno karibu lilikuwa lako. Unanifukuza sasa? Kesho jua likizama nitaondoka, na huyu ataniongoza."

Kudra hakungoja kesho. Alimbeba Nobantu mgongoni akakimbia naye, na walipofika getini mtoto akatapika maji ya chumvi, mengi kuliko tumbo la mtoto linavyoweza kuchukua, akawa hawezi kuvuta pumzi. Aliporudishwa nyuma hatua tatu, akatulia. Kudra alijaribu mara ya pili, ikawa vile vile. Usiku ule walikesha wamekumbatiana nyuma ya jiko, taa zote zikiwaka, na asubuhi Kudra akamfungia mtoto chumbani, akatia ufunguo kifuani, akapanda teksi mpaka Doornfontein.

Mzee Bakiri alikuwa Mrundi wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, fundi cherehani aliyepunguza suruali za wanafunzi ghorofa ya pili, na Waislamu wa mji ule walijua kazi yake ya pili, ya kusomea waliopagawa. Hakuwa mtu wa kubembeleza, na Kiswahili chake alikichanganya na Kifaransa. Alimsikiliza huku akiendelea kukanyaga cherehani.

"Bon. Nani alimfungulia?"

"Hakuna, mzee. Alipiga hodi, nikasema karibu."

"Bila kuangalia?"

"Bila kuangalia."

Cherehani ikasimama. "Donc huyo si mwizi. Mwizi ningemsomea akimbie. Huyo ni mgeni wako, weye mwenyewe umemwita, na mgeni hatoki kwa fimbo. Anasindikizwa."

"Anamtaka mwanangu amsindikize."

"Ndiyo, kwa sababu anayemfikisha kwake harudi. Kwa hiyo utamwahi. Utamsindikiza weye, mpaka mlangoni alikotokea, na hapo utaishia. Nitakuja kusoma. Lakini sikia, mama. Atakushukuru. Atakusifu, vraiment, kwa maneno matamu. Funga kinywa. Lile neno tunalomwambia mgeni akishaaga, karibu tena, lisitoke. Likitoka, ni ruhusa ya pili, na ya pili haina mlango wa kutokea."

Saa kumi na moja jioni Ijumaa ile walisimama chumba cha chai. Mzee Bakiri alikwenda kukaa kando ya ukuta wa bustani na msahafu wake, akaanza kusoma. Kudra alitazama kiti kikubwa. Alihakikisha ufunguo wa chumba cha Nobantu uko kifuani, akasema kama alivyofundishwa:

"Mgeni wangu, umekunywa, umepumzika. Jua linazama. Twende nikusindikize."

Halafu kiti kikasukumwa nyuma.

Alitangulia kutoka, na nyuma yake akasikia miguu yenye maji ikipiga sakafu, chapa, chapa, ikashuka ngazi za mawe, ikaingia kwenye majani makavu ya baridi, na kila alipoongeza mwendo nayo iliongeza, na kila alipopunguza ilimkaribia mpaka akahisi pumzi ya tope la mikoko kwenye shingo yake, na vichaka vya pembe nne vilivyokatwa kwa rula vilianza kumwegemea pande zote mbili kama watu waliopanga mstari kumtazama mfungwa, na mashina makavu ya mawaridi yakawa yanachanua alipoyapita, moja baada ya jingine, meusi, yakidondosha maji, na kivuli cha saa ya jua kilikuwa kinazunguka upesi kama mshale wa saa mbovu, na yeye hakugeuka, hakugeuka, alihesabu hatua kwa jina la mwanawe mpaka akaufikia ukuta.

Mlango wa nakshi ulikuwa wazi. Nyuma yake hapakuwa na matofali. Palikuwa na giza, na ndani ya giza maji mengi yakijipigapiga taratibu.

Miguu ikampita. Ikasimama kizingitini.

"Nimeshukuru, mwenyeji," sauti ikasema, imerudia upole wake. "Umenipokea vizuri. Umenikumbusha kwetu. Nani mji huu anajua utu kama wewe? Basi mimi naondoka. Naaga."

Neno lilipanda lenyewe. Lilikuwa neno la mama yake na la bibi yake, neno alilolisema maelfu ya mara bila kulifikiri, na sasa lilikuja mpaka kwenye meno. Kudra akauma ulimi. Akauma mpaka damu ikamjaa kinywani, na akaimeza, na akanyamaza.

"Naaga," ikarudia, kwa ukali.

Akanyamaza. Mzee Bakiri alipandisha sauti ya kisomo. Mlango ukaanza kujifunga, polepole, ukilalamika bawabani, na harufu ya mikoko ikafifia, na Kudra, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, akalia kwa furaha.

Ndipo dirisha la nyuma ya jiko likafunguliwa, lile dirisha dogo lenye nondo ambalo hakulifikiria, na sauti nyembamba ikapita juu ya bustani yote, Kiswahili safi, kila herufi mahali pake:

"Karibu tena!"

Msahafu ukamponyoka Mzee Bakiri. Mlango ulikuwa umebakiza upana wa mkono. Ukasimama hapo hapo.

Kudra alikimbia, akajikwaa kwenye vibao vya mawaridi, akaufungua mlango wa chumba. Nobantu alikuwa amesimama wima juu ya kitanda karibu na dirisha, mikono ameikunja kifuani kama mtoto mwenye adabu, akitabasamu kwa tabasamu ambalo mama yake alikuwa hajaliona siku nyingi.

"Nimesema vizuri, Ma? Nimesimama, nimesema. Yeye ndiye aliyenifundisha," alisema. "Yeye hanipigi."

Kisha akainamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayenong'onezwa sikioni, na maji yakaanza kutiririka toka miguuni mwake, yakishuka kitandani na kuenea sakafuni.

"Anasema ahsante, Ma. Anasema ameshakaribia."